Dawa tatu, ukungu uleule

Swali: Nina ekari moja ya nyanya, zimeanza kufunga matunda. Baada ya siku kumi za mawingu na manyunyu, majani yametoa mabaka ya kahawia iliyoiva, kama yamemwagiwa maji ya moto, na sasa mashina nayo yanaingia weusi. Ndani ya wiki mbili nimepuliza dawa tatu tofauti. Mbili za kwanza lebo zake zinasema mankozebu, ya tatu kabendazimu. Sijaona mabadiliko. Mwenzangu ananishauri niachane na kemikali nitumie Trichoderma. Je, dawa hizi za viumbe hai zinatibu kweli? Naweza kuzichanganya na nilizonazo kwenye bomba moja? Na kuna mashina matatu hayajaguswa kabisa, nichukue mbegu zake?

Jibu: Umefanya vizuri kuniandikia viambata. Wengi hunitajia jina la kibiashara na rangi ya kopo, nami nabaki kubahatisha. Kwa kuwa umesoma kilichomo ndani, naweza kukueleza kilichotokea: hukupuliza dawa tatu. Ulipuliza dawa moja mara mbili, ikiwa na majina mawili, kisha ukaongeza nyingine ambayo haina ugomvi wowote na ugonjwa ulio nao.

Tuanze na ugonjwa. Mabaka yanayoonekana kuloa maji, yanayokua haraka, yanayoshuka hadi kwenye shina, tena baada ya siku mfululizo za ubaridi na unyevu, hayo ni maelezo ya bakajani chelewa. Ndugu yake, bakajani tangulia, ana mwendo mwingine: huanza na majani ya chini yaliyozeeka, doa lake lina pete ndani ya pete kama shina la mti lililokatwa, na hukuachia muda wa kufikiri. Kama una shaka, chuma majani manne au matano yenye mabaka mapya, yaweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa kibichi, funga, acha hadi asubuhi. Ukikuta utando mweupe mwepesi upande wa chini wa jani, pembezoni mwa baka, shaka imekwisha.

Kiumbe kinacholeta ugonjwa huu kinaitwa Phytophthora infestans. Ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na njaa iliyofuata ikaua watu wapatao milioni moja. Kwa mazoea tunakiita ukungu, nami nitaendelea kukiita hivyo, lakini kwa ukoo si kuvu halisi. Kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini kuliko uyoga. Wanasayansi huliita kundi hili ukungu wa maji, na jina limekaa mahali pake, maana mbegu zake zinaweza kuota mikia na kuogelea kwenye tone la maji juu ya jani.

Unaweza kusema huo ni ubishi wa maabara. Hapana, hapo ndipo pesa yako ilipopotelea. Kabendazimu hufanya kazi kwa kunasa kwenye protini inayosaidia seli za kuvu kugawanyika. Katika ukungu wa maji, protini hiyo ina umbo ambalo kabendazimu hainasi. Dawa za jamii ya triazoli, kama difenokonazoli na tebukonazoli, huzuia kuvu isijitengenezee mafuta ya utando wa seli zake yaitwayo ergosteroli. Ukungu wa maji haujitengenezei mafuta hayo, kwa hiyo hakuna cha kuzuia. Unaweza kuliogesha shamba kwa dawa nzuri kabisa ya kutu ya majani na ugonjwa wako usijue kwamba kuna dawa imepita. Kinyume chake pia ni kweli: metalaksili, ambayo ni kali kwa ukungu wa maji, haiusumbui ubwiri unga hata kidogo. Lugha yetu nayo inachangia mkanganyiko, kwa sababu tunasema ubwiri unga na ubwiri vinyoya kana kwamba ni watoto wa mama mmoja. Ubwiri unga ni kuvu halisi, unakaa juu ya jani, na hauhitaji maji ya kusimama ili uote. Ubwiri vinyoya ni ukungu wa maji, jamaa wa karibu wa huyo aliye kwenye nyanya zako. Kwa hiyo kabla ya kununua kopo jingine, swali la kwanza si „ni kali kiasi gani“ bali „ni ya ukoo upi“.

Sasa mankozebu. Hiyo kweli inaugusa ugonjwa wako, tena imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960 kwa sababu inamshambulia adui sehemu nyingi kwa pamoja na usugu dhidi yake ni nadra. Kwa nini basi haikufaa? Kwa sababu ni ngao. Inakaa juu ya ngozi ya jani na kuua mbegu za ukungu zinapojaribu kuota. Ukungu ulioshaingia ndani haiufikii. Jani lililochipua baada ya kupuliza halina ngao. Mvua nzito inaiosha. Na hesabu ya siku ndiyo inayowaponyoka wengi: katika hali ya ubaridi na unyevu, baka unaloliona leo liliingia siku 3 hadi 5 zilizopita, likiwa ndani kimyakimya. Kwa hiyo siku uliyoona doa la kwanza na kukimbilia bomba, tayari kulikuwa na majani mengi yaliyoambukizwa ambayo kwa macho ni kijani safi. Ulipuliza, kesho yake yakatokea mabaka mapya, ukasema dawa ni feki. Huenda haikuwa feki. Ilifika wageni wakiwa wameshaingia ndani na kufunga mlango.

Dawa nyingi za ukungu ziko hivyo, tangu mwanzo wake. Mwaka 1882, huko Médoc karibu na Bordeaux, Pierre-Marie-Alexis Millardet aliona mizabibu ya kando ya barabara ikiwa na majani mazima wakati ya ndani ya shamba yamepukutika kwa ubwiri vinyoya. Wenye mashamba walikuwa wamerushia mizabibu ya pembeni mrututu, yaani chumvi ya shaba, uliochanganywa na chokaa ili wapita njia wasidokoe zabibu. Mwaka 1885 alitangaza mchanganyiko huo kuwa dawa, na mpaka leo shaba ndiyo silaha kuu ya wakulima wa kilimo hai dhidi ya ukungu wa maji. Mizabibu ile ilisalimika kwa sababu ilipakwa kabla.

Kwa hiyo wiki hii fanya hivi. Leo au kesho, majani yakiwa makavu, pita shambani na mifuko. Mche ambao shina lake kuu limezungukwa na weusi ung'oe wote. Majani yenye mabaka ya chini yachume. Usiyatupe mpakani, yazike au yafungie kwenye plastiki nyeusi juani mpaka yaoze. Siku hiyohiyo puliza dawa yenye kiambata kinachopenya ndani ya jani na kinachofaa ukungu wa maji: simoksanili, dimethomofu, mandipropamidi, propamokabu au metalaksili. Mara nyingi huuzwa zikiwa zimechanganywa tayari na mankozebu au shaba, na mchanganyiko huo ndio ninaoupendelea, kwa kuwa kimoja kinafukuza kilichoingia juzi na kingine kinalinda kesho. Lakini usitarajie muujiza hata hapo. Simoksanili, kwa mfano, huukamata ukungu ulioingia siku 1 au 2 zilizopita tu, na nguvu yake kwenye jani huisha ndani ya siku chache. Baka lililokwisha kauka halirudi kuwa kijani. Kipimo cha mafanikio ni jani jipya: je, linabaki safi? Na ndani ya mfuko wa plastiki, je, mabaka ya zamani yanaacha kuota utando mweupe?

Baada ya siku 7, au 5 kama mvua haikati, puliza tena, lakini badilisha kundi. Ninaposema kundi sina maana ya jina la kopo. Lebo nyingi siku hizi zina namba ya kundi la utendaji, iliyotolewa na kamati ya kimataifa iitwayo FRAC. Metalaksili ni 4, simoksanili ni 27, dimethomofu na mandipropamidi zote ni 40, azoksistrobini ni 11. Zile za ngao zina herufi M mbele: shaba M01, salfa M02, mankozebu M03, klorothalonili M05. Ukitoka dimethomofu ukaenda mandipropamidi hujabadilisha chochote, umebadilisha kibandiko.

Haya ya makundi si ushabiki wangu. Metalaksili ilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970, ilionekana kama jibu la mwisho, na wakulima wakaitumia peke yake, msimu mzima. Kufikia mwaka 1980, katika mashamba ya viazi ya Ireland na Uholanzi, ukungu ulikuwa umeshaizoea na dawa ikashindwa waziwazi. Dawa zinazopenya hulenga sehemu moja tu ya adui, na badiliko dogo la kurithi kwenye sehemu hiyo linatosha kuzifanya maji matupu. Azoksistrobini na wenzake, walioundwa kwa kuiga kemikali ya uyoga mdogo unaoota kwenye koni za misonobari, waliingia sokoni mwaka 1996. Mwaka 1998 tayari ubwiri unga wa ngano nchini Ujerumani ulikuwa sugu. Ndiyo maana nakasirika kidogo nikisikia ushauri wa „ongeza kipimo“ au „weka nusu, uokoe“. Kuongeza kipimo hakumrudishi adui aliyekwisha kuwa sugu, na nusu kipimo kinamwacha hai yule aliye nusu sugu azae.

Na kama zaidi ya nusu ya majani yote imeshakwenda? Hapo mimi nisingepuliza tena. Ningevuna matunda yaliyokomaa ambayo hayajaguswa, nikizingatia siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa ya mwisho, kisha ningeng'oa kila kitu. Ni uamuzi mchungu, lakini shamba lililokufa nusu ni kiwanda cha mbegu za ukungu kwa jirani wote wenye nyanya na viazi.

Sasa twende kwa Trichoderma, maana mwenzako hajakosea sana. Amekosea wakati na mahali.

Trichoderma ni kuvu, na ni kuvu halisi. Inaishi kwenye udongo na kuwinda kuvu wenzake. Mwaka 1932 Richard Weindling alieleza jinsi inavyoizunguka Rhizoctonia, mmoja wa wasababishi wa kinyausi kitaluni (miche kuoza shingo na kuanguka), na kuimaliza. Inafanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja: inawahi chakula na nafasi kuzunguka mizizi, inatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta za adui, inatoa sumu zake ndogo, na kuuamsha mmea wenyewe uweke ulinzi tayari. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwa nini haiwezi kuwa zimamoto. Askari wa aina hii lazima akae, azaliane, azoee mahali. Anahitaji unyevu, mboji, joto la wastani, na majuma ya kutangulia. Nyumbani kwake ni kitaluni na shimoni mwa mche: dhidi ya kinyausi, kuoza mizizi, na kwa kiasi fulani mnyauko fuzari. Kuipuliza juu ya majani yanayoungua kwa bakajani chelewa, mvua ikinyesha, ni kupeleka wakulima vitani na majembe yao.

Kwenye majani kuna viumbe wengine wanaofaa zaidi. Bakteria wa jamii ya Bacillus, hasa Bacillus subtilis na ndugu zake wa karibu, hutengeneza kemikali zinazotoboa utando wa seli za kuvu, na kwa kuwa hujifunga ndani ya ganda gumu, huvumilia kukaa kwenye paketi na hata jua kwa muda. Ni wazuri kama ngao dhidi ya ubwiri unga, kuvu ya kijivu na bakajani tangulia pale shinikizo la ugonjwa likiwa dogo au la kati. Kuna Ampelomyces quisqualis, kuvu anayeishi ndani ya nyuzi za ubwiri unga na kuzila. Kuna Coniothyrium minitans, anayetafuta udongoni yale mawe meusi ya Sclerotinia, kuvu anayeozesha mashina, na kuyaozesha; huyu hupewa miezi kadhaa kabla ya kupanda. Kila mmoja ana adui wake. Paketi inayodai kutibu „magonjwa yote ya ukungu“ irudishe rafuni.

Kwa bakajani chelewa iliyokwisha washa moto, sijui kiumbe hai hata mmoja ambaye ningemkabidhi shamba peke yake. Ukitaka kubaki nje ya kemikali za viwandani, kilichobaki ni shaba, na shaba nayo ni ngao, si tiba. Tena si ya kumwaga bila hesabu: haiozi, inajikusanya kwenye udongo na kuwaumiza minyoo. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, hata kwa kilimo hai. Neno „asilia“ kwenye kopo halimaanishi „haidhuru“, kama ambavyo „kemikali“ halimaanishi „imeruhusiwa milele“. Mankozebu uliyoipuliza mara mbili, Ulaya iliamua mwaka 2020 kutohuisha idhini yake kwa sababu ya madhara yake kwa homoni na uzazi. Kwako kama bado inaruhusiwa, ivalie glavu, buti, miwani na barakoa yenye kichujio, na usipulize ukiwa unaelekea upepo.

Kuchanganya kwenye bomba moja: usichanganye Trichoderma na dawa ya kuua kuvu, kwa sababu nayo ni kuvu. Kabendazimu uliyonayo stoo ni miongoni mwa wauaji wake wakubwa. Niliwahi kufanya kosa hilo mimi mwenyewe, nikiwa mgeni wa kazi. Nilitia Trichoderma kwenye kitalu cha mbegu nilizokuwa nimezipaka kabendazimu wiki hiyohiyo, kisha nikakaa naandika kwenye daftari kwamba „bidhaa haifanyi kazi“. Bidhaa ilikuwa nzima. Niliizika hai. Acha wiki moja au mbili kati ya dawa ya kuvu iliyoingia udongoni na Trichoderma. Bacillus ni wavumilivu zaidi na baadhi yao huweza kuingia bomba moja na dawa za kuvu, lakini hilo lisome kwenye lebo ya bidhaa husika, usiliamini kwa sababu nimelisema mimi. Vyote viwili vitunze kivulini, mahali pa baridi, angalia tarehe ya mwisho, na uvipulize jioni. Paketi iliyokaa dirishani kwenye jua ni unga tu.

Mchanganyiko wowote mwingine, jaribu kwanza kwenye chupa ya kioo kwa uwiano uleule. Ukiganda, ukitoa mapovu au kutua chini baada ya nusu saa, usiutie kwenye bomba. Shaba isikutane na maji au mbolea ya majani yenye uchachu, maana huyeyuka kupita kiasi na kuunguza majani. Salfa, siku utakayokuwa na ubwiri unga, isipulizwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 hivi wala karibu na dawa ya mafuta. Na popote unapopuliza, elekeza nozeli chini ya majani. Wengi hupaka rangi paa la mmea na kuacha sakafu, wakati utando mweupe unazaliana chini yake.

Msimu ujao mpangilio nauona hivi. Trichoderma iingie kitaluni kwenye udongo wenye mboji, na tena kwenye shimo siku ya kuhamisha miche. Nafasi ipanuliwe, miche ifungwe kwenye miti, majani ya chini yapogolewe, umwagiliaji uwe wa chini na wa asubuhi ili jani lisilale bichi. Maotea ya nyanya na viazi vyote yang'olewe kabla, kwa sababu ukungu huu mara nyingi huvuka msimu ndani ya mmea au kiazi kilicho hai. Bacillus ipulizwe wakati hali ya hewa ni kavu na ugonjwa uko mbali. Utabiri ukisema siku mbili tatu za mawingu na manyunyu, weka ngao kabla mvua haijafika. Dawa inayopenya ibaki akiba, mara mbili au tatu kwa msimu, kwa siku ambazo mvua imekuwahi.

Mashina matatu yaliyosalimika yanaweza kuwa na bahati tu: yako kwenye upepo, mbali na yaliyoungua. Kama mbegu uliyonunua ilikuwa chotara, usichukue. Watoto wake watatofautiana, na ukinzani kama upo unaweza kupotea kwa wengi wao. Kama ni mbegu ya kawaida isiyo chotara, jaribu kwanza kuchuma majani machache kutoka kila shina, yaweke kwenye ule mfuko wa plastiki pamoja na jani lenye utando mweupe, yagusane, usubiri siku 5. Jani litakaloungua kama mengine limekujibu. Likibaki kijani, funga kamba kwenye shina hilo, acha tunda liive hadi lilegee, vundika mbegu pamoja na ute wake siku 2 au 3, osha, anika kivulini, na uzipande kando na aina yako ya kawaida uone. Jeni za kukinza ugonjwa huu zinazotumika leo kwenye nyanya zilitoka kwa nyanya pori ya matunda madogo, na aina zilizopewa jeni hizo zinauzwa. Wakati unasubiri mashina yako yakupe jibu, ningenunua hizo.